Mama Mchungaji na Saa Iliyopotea Tunduma

Usharika wetu wa Nanyala ulibahatika kupata mke wa mchungaji ambaye hakujua kuimba, hakujua kufuma vitambaa, na akipewa mtoto mchanga ambebe alimshika kama mtu anayesubiri mwenye mzigo aje auchukue. Kina mama wa kanisa walimwombea kwa bidii apewe karama. Ikaja kugundulika kwamba karama alikuwa nayo siku nyingi, ila haikuwa katika zile zinazohubiriwa. Alikuwa anatengeneza viini vya mashine ndogo.

Nitamwita Mama Mchungaji kwa sababu ndivyo tulivyomwita wote, mume wake akiwemo. Alisomea wapi sijui. Niliwahi kumuuliza, akajibu, "Nilisoma," kwa sauti ambayo ungedhani nimemuuliza kama amewahi kuoga. Mimi ni dereva wa lori. Sina sababu yoyote ya kujuana na mtu wa namna hiyo, isipokuwa kwamba kuna saa moja ya maisha yangu ilipotea Tunduma, tena ikawa inapotea kila safari. Bosi wangu alisema saa hiyo naitumia kuuza dizeli. Mke wangu alisema naitumia kwa mwanamke. Mimi ndiye pekee niliyekuwepo ndani ya saa yenyewe, kwa hiyo maoni yangu hayakuhitajika.

Nianze na kiini. Kila kimashine chenye akili, alikuwa akisema, hata kiwe kidogo kama kiberiti, kina programu ya ndani kabisa inayogawa kazi: nani aamke, nani alale, nani aongee na waya upi. Ikikosea hiyo, programu nyingine zote zinakosea kwa adabu. Wazungu wana jina lao la kitu hicho. Yeye aliita kiini, na hakukubali neno lingine lolote barazani kwake.

Neno hilo lilileta msiba. Mwanakwaya mmoja alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga, ya umeme wa jua, yenye kiubao cha kompyuta kinacholinda joto. Ikawa inajizima yenyewe. Mama Mchungaji akachomeka waya wake, akasoma maandishi yaliyokuwa yakiteremka, akamwambia, "Nenda nyumbani, nimeshaona. Tatizo liko kwenye kiini." Yule mama akarudi nyumbani, akavunja mayai ya trei nzima, moja baada ya jingine, akakagua. Jioni akarudi na taarifa.

"Mama Mchungaji, viini vyote ni vizima. Vya njano kabisa."

Mtu mwingine angecheka, au angelia. Yeye alimtazama kwa upole wa kutisha, akauliza, "Uliviangalia kabla au baada ya kuvivunja?"

Kesho yake trei mpya ya mayai ilikutwa mlangoni kwa yule mwanakwaya. Mama Mchungaji alikana kabisa kuhusika, tena alikasirika ulipomuuliza. Lakini neno hakulibadilisha. Alisema Kiswahili hakina kosa hata kidogo, kosa ni la watu kuondoka kabla mazungumzo hayajaisha.

Alifanyia kazi kwenye kibaraza cha nyumba ya mchungaji, juu ya meza yenye kitambaa kilichofumwa maneno *Karibu Mgeni*, ambayo hakuyamaanisha. Pale palikuwa na kompyuta yake ndogo iliyokosa herufi mbili tatu, nyaya, chuma cha kulehemu, na kikombe cha chai ya rangi isiyo na sukari. Wageni aliwatilia sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Mchungaji mwenyewe, mtu mpole, alishazoea kula ugali akiwa ameweka sahani magotini, maana meza ya sebuleni nayo ilikuwa imechukuliwa na vipima unyevu vya kahawa.

Vifaa vilimjia kutoka kila upande. Itaka walileta vidhibiti vya pampu za umeme wa jua, Mbozi yote ikaleta mizani za kahawa zilizogoma, na huko chini Momba wafugaji walileta kola za ng'ombe. Simu alikataa. "Simu si kifaa," alisema. "Simu ni mgeni asiyeaga." Vijana wa stendi walimletea hata hivyo, wakiamini anatania. Aliwarudishia na tone la chai juu yake.

Sharti lake kwa mteja lilikuwa moja, na aliliimba kuliko alivyowahi kuimba pambio lolote: "Usinieleze ulichofikiri. Nieleze ulichoona." Watu waliteseka sana na sharti hilo. Jaribu siku moja ueleze tatizo lako bila kutaja unayemshuku, ndipo utajua ni kiasi gani cha mazungumzo yetu ni tuhuma tupu. Na mtu akisema, "Mama, nilizima nikawasha, ikakaa sawa," alifunga macho kama anayeumwa jino. "Kuzima na kuwasha si ufundi, baba. Ni kumfukuza shahidi."

Mfugaji mmoja wa Ndalambo alifika na simu mkononi, akiwa amefunga dume lake kola ya kisasa ili wezi wakimchukua ajue wamepita wapi.

"Mama, shikamoo. Hii inasema dume langu yuko baharini."

"Marahaba. Na wewe umemwona wapi?"

"Nimemwacha nyuma ya nyumba, anakunywa maji."

"Basi huna msiba."

"Sina msiba, Mama, nina hofu. Kama kifaa kinamwona yuko baharini, labda huyu niliye naye siye."

Ilichukua muda kumwonyesha kwamba kola ilikuwa imepoteza setilaiti, na kiini chake, badala ya kusema "sijui", kikaandika sifuri na sifuri, na kwenye ramani ya dunia sifuri mbili hizo zinakutana katikati ya maji. "Mashine haidanganyi," alimwambia. "Inarudia tu uongo wa aliyeiandika. Na aliyeiandika hii, kusema 'sijui' kulimshinda. Kuna watu wa hivyo hata kwenye baraza la wazee." Mzee mmoja wa kanisa alikuwa ameketi palepale akinywa chai yenye sukari. Hakurudi tena wiki ile.

Usidhani alikuwa mtakatifu wa ushahidi. Mtu yuleyule aliyedai kila kitu kionekane kwa macho, ukianza kuhesabu vifaranga vyake alikufukuza uani, kwa sababu vifaranga vikihesabiwa mwewe anasikia. Kwenye semina za kina mama alifundisha uvumilivu katika ndoa, vizuri kabisa, huku akimkatiza mumewe kila alipofungua mdomo. Na ibadani alichelewa kila Jumapili. Aliingia katikati ya matangazo, akapita mpaka benchi la mbele, akamnong'oneza mumewe kwa sauti iliyofika hadi kwa walinzi wa baiskeli, "Programu ilikuwa bado inajijenga." Sisi tulifundishwa kwamba atakayechelewa atakuta mlango umefungwa. Yeye alikuwa na mlango wake.

Sasa saa yangu.

Kampuni iliyoniajiri, yenye ofisi Mbeya, iliweka vifaa vya GPS kwenye malori yote. Kisanduku kidogo chini ya dashibodi, chenye taa ya kijani inayopepesa kila dakika kinapotuma habari za gari lilipo. Bosi alifurahi mno. Alituita akatuambia, "Sasa nawaona kama nawaona," na hakuna aliyethubutu kuuliza zamani alikuwa anatuonaje. Mimi nilikuwa nabeba mahindi kutoka maghala ya Mbozi kupeleka Tunduma. Haukupita muda nikaitwa. Kila nikiingia Tunduma kisanduku kinanyamaza saa nzima, kisha kinaamka kama kwamba hakuna kilichotokea. Bosi hakuwa na swali. Alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa dizeli.

Wenzangu wa njia ile nao waliitwa. Wao walikuwa watu wenye busara: waliinamisha vichwa, wakasema, "Tusamehe, bosi, shetani tu," na kazi ikaendelea. Mmoja alikiri kwa ufasaha kiasi kwamba hata mimi nilianza kumwamini. Mimi nikakataa. Nilisema sijaiba. Bosi akaniambia kwamba mwizi anayekiri anatengenezeka, lakini mwizi mbishi ni hasara, akanipumzisha kazi.

Nyumbani nilimweleza Mama Neema, mke wangu, nikitegemea faraja. Alikuwa anapepeta maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini.

"Saa nzima, Baba Neema?"

"Saa nzima, ndivyo wanavyosema."

"Kila safari?"

"Kila safari."

"Dizeli hainyonywi saa nzima," akasema, akainua ungo, akaendelea kupepeta.

Kwa upande wa ufundi alikuwa sahihi. Dizeli ni dakika chache, baba yake alikuwa dereva. Ila kuanzia siku hiyo chakula changu kilianza kuwekwa mezani bila mtu kuniambia karibu, na Tunduma ikawa haitajwi nyumbani kwangu, ikawa inaitwa "huko kwako".

Ndipo nikaenda kwa mchungaji kuomba ushauri wa ndoa. Nilimweleza yote, naye alikuwa ameinamisha kichwa akitafuta maneno ya kuanzia, sahani iko magotini, sauti ikatoka barazani.

"Dereva! Njoo huku."

Nikaenda. "Shikamoo, Mama Mchungaji."

"Marahaba. Uliiba?"

"Hapana, Mama."

"Una mwanamke?"

"Hapana."

"Basi acha kumweleza Mchungaji ulivyoumia. Nieleze mimi ulichoona. Kilinyamaza saa ngapi?"

"Mara ya mwisho, saa nne asubuhi." Halafu nikaongeza, kwa mazoea tu, kama anavyoongeza kila mtu anayefanya kazi mpakani: "Saa nne ya kwetu. Ya Zambia ni tatu."

Akaweka kikombe chini. "Rudia."

"Saa ya kwetu na ya Zambia zinapishana, Mama. Pale Tunduma simu ikishika mnara wa upande wa pili, saa inarudi nyuma yenyewe. Ndiyo maana mtu akikwambia tuonane saa nne, lazima umuulize, yetu au yao?"

Swali hilo huulizwa Tunduma na wauza vitenge, wabadili fedha, mama lishe na watoto wa shule. Hakuna mtu wa mpakani ambaye hajawahi kuchelewa kikao kwa saa ya jirani. Na hakuna hata mmoja wetu, nikiwemo mimi, aliyewahi kuwaza kwamba kisanduku kile kilichotoka ng'ambo kinaweza kupatwa na jambo la kishamba kama hilo. Simu zetu zilirudi nyuma, sawa, simu ni zetu. Kile kilikuwa kifaa.

Tulikwenda Tunduma kwa gari la kanisa, Mchungaji akiendesha, na kisanduku kingine tulichoazima kwa yule mwenzangu aliyekiri kwa ufasaha. Mama Mchungaji alikishika mapajani, waya umeingia kwenye kompyuta yake, macho kwenye kioo njia nzima. Tulipokaribia mpaka taa ikaacha kupepesa. Akasoma. Akaanza kucheka peke yake, kicheko ambacho kwaya ilikuwa imekisubiri miaka mingi na haikuwepo kukisikia.

Kosa lilikuwa hivi. Kiini kilijiambia, "Nimetuma habari saa nne kamili. Nitalala, niamke saa nne na dakika moja." Kikalala. Mara mnara wa Zambia ukakiambia sasa ni saa tatu. Nacho, kwa utiifu wote, kikaendelea kulala mpaka saa nne na dakika moja ifike tena.

"Ukiambiwa uchemshe maharage kwa saa nzima," alinieleza, "unahesabu tangu ulipoinjika. Huendi kuchungulia saa ya ukutani kwa jirani. Ndani ya kifaa kuna mapigo ambayo hayarudi nyuma hata iweje. Aliyeandika hapa akayaacha mapigo, akachungulia kwa jirani."

Nililia, nasema kweli. Nililia kwenye gari la kanisa mbele ya wabadili fedha. Mchungaji alinipa leso. Mke wake aliniambia nisiloweshe waya.

Alimpigia bosi wangu simu siku ileile. Bosi akamwunganisha na kijana wa kompyuta wa ofisini, ambaye alimsikiliza kwa heshima kubwa, kisha akamwambia, "Mama yangu, haya ni mambo ya setilaiti, huwezi kuyaelewa." Sitaandika alichojibiwa. Alikuwa mke wa mchungaji na inabidi abaki hivyo.

Basi akaamua kwenda kwa wenyewe. Kumbe huko duniani kuna watu wanaotunza kiini kile, kila mtu na kipande chake kama shamba, na ukitaka kupalilia kwenye shamba la mtu lazima umwombe. Mwenye kipande cha saa alikuwa bwana mmoja wa ng'ambo. Mama Mchungaji alimwandikia kosa na marekebisho yake. Bwana yule akajibu kwa sentensi moja kwamba kwake tatizo halijirudii.

"Halijirudii kwa sababu kwako hakuna Tunduma," akamjibu.

Wakabishana wiki kwa wiki. Kwa jinsi alivyonisomea barazani, sijawahi kusikia watu wakitukanana kwa ustaarabu vile. Hata ugomvi wa mipaka ya mashamba ya kahawa hauna salamu nyingi namna ile. Mwishowe Jumapili moja, wakati wa maombi ya wahitaji, alisimama, akataja jina la yule bwana, akaomba kanisa limkumbuke kwa sababu ana moyo mgumu. Kanisa likaelewa ana ugonjwa wa moyo. Tukamwombea. Jumapili iliyofuata tukamwombea tena. Wazee walifunga. Kuna mama mmoja kutoka Itaka alimtolea ushuhuda kwamba amemwona ndotoni akiwa anatembea.

Na akatembea. Bwana yule alisafiri, sijui alipitia uwanja gani wa ndege, simu yake ikaruka saa akiwa amekaa, akaelewa. Akakubali marekebisho yote, akasahihisha nukta moja ili ionekane naye amefanya kazi. Mama Mchungaji alitoa kuku wa shukrani madhabahuni, akapigiwa makofi, na mpaka leo Nanyala kuna watu wanaoamini tulimponya Mzungu.

Marekebisho yakasambazwa. Watengenezaji wa visanduku wakayapeleka hewani, yakaingia kwenye malori yote bila mtu kushika bisibisi. Saa ya Tunduma ikaacha kupotea. Nikajua sasa nimeoshwa, jina langu limerudi.

Bosi alituita wote Mbeya. Alikuwa na uso wa furaha. Alituambia kwamba kifaa kimeboreshwa, sasa kina akili zaidi, na tazameni matokeo: tangu kiboreshwe, hakuna gari hata moja lililonyamaza Tunduma. "Mmejua hamwezi kukizima tena, mmeacha wizi." Wenzangu wakainamisha vichwa. Akanigeukia mimi, akasema anaamini katika kumpa mtu nafasi ya pili, akanirudishia funguo. Wenzangu walinipa jina, Mwizi Aliyeokoka, na likanishika.

Nyumbani, Mama Neema aliposikia kwamba kifaa hakinyamazi tena, akasema taratibu, "Kwa hiyo umemwacha. Namshukuru Mungu." Nikamweleza habari za minara, za saa ya kwetu na ya kwao, za bwana mwenye moyo mgumu. Alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa wa homa. "Yameisha, Baba Neema," akasema. "Nimeshakusamehe. Usijitese kutafuta maneno." Akachinja kuku.

Ukisingiziwa unaweza kupiga kelele. Ukisamehewa kosa ambalo hukulifanya, utamlalamikia nani? Kuku yule alikuwa mtamu, na nilimla na hasira yote.

Nilikwenda barazani, nikamwambia Mama Mchungaji, "Mama, umeponya kifaa ukanizika mimi. Kilipokuwa kibovu nilikuwa na shahidi. Sasa sina."

Alikuwa ameinamia mizani ya mtu. Hakuinua uso. "Mimi natengeneza viini, Baba Neema. Ndoa ni idara ya Mchungaji."

Nilimchukia siku ile. Mchungaji alipohamishiwa Ndalambo, ni lori langu lililobeba vyombo vyao, na njia nzima kuteremka Momba nilimtajia hali ya barabara tu. Tulipofika alinishukuru, akaniambia gari langu lina mlio mbaya upande wa kushoto. Hakukosea.

Miaka ilipita bila kuonana naye. Tuliendelea kuishi, mimi na mke wangu, vizuri tu, kama watu waliohamia nyumba yenye chumba kimoja ambacho hakifunguliwi. Hakunitupia neno. Alikuwa mwema, na wema wake ulikuwa na mwiba ndani yake, kwa sababu kila nilipoagwa kwenda Tunduma nilitazamwa kidogo zaidi ya inavyohitajika. Nilishazoea. Mtu huzoea hata kiatu kinachobana.

Mwaka huu Neema anaolewa. Tulikwenda Tunduma na mama yake kutafuta vitenge, mchana wa Jumamosi, msongamano wa malori umefika mbali. Tulikuwa kwa mama lishe karibu na mpaka, tunasubiri wali, ndipo nikasikia sauti ileile ikimuuliza mwenye jiko kama maharage yameanza kuchemka saa ngapi. Nywele zimekuwa nyeupe. Mkoba wa kitenge begani, waya zinachungulia.

"Shikamoo, Mama Mchungaji," tukasema pamoja.

"Marahaba." Akaketi bila kukaribishwa. Akamtazama mke wangu, halafu mimi, halafu tena mke wangu, kwa muda uliopita adabu. "Mama Neema. Bado humwamini?"

Mke wangu akashtuka. "Mama, yale yalishapita. Nilishamsamehe."

"Sikukuuliza hilo."

Akaingiza mkono mkobani, akatoa kisanduku. Kilikuwa kizee, kimechubuka pembe, na taa ya kijani ilikuwa inapepesa.

"Kila ugonjwa ninaoutibu, namwacha mgonjwa mmoja bila dawa," akasema. "Vinginevyo nitajuaje kwamba iliyoponya ni dawa? Hiki hakijawahi kurekebishwa. Shika."

Mke wangu akakishika. Tukaacha wali, tukatembea kuelekea mpakani katikati ya mikokoteni na wabadili fedha waliokuwa wakitusalimu kwa Kibemba na kutunadia fedha ya Zambia, "Mulishani, mukwai! Kwacha, mama?" Mama Mchungaji alitembea nyuma yetu kama askari magereza. Tulipopita maduka ya mwisho mke wangu akasimama. Taa ilikuwa imenyamaza. Akatazama simu yake. Saa imerudi nyuma.

"Nimeona," akasema haraka. "Nimeelewa, Mama."

"Hujaona. Umeona kimelala. Hujaona kikiamka. Keti."

Akamketisha juu ya gunia la mahindi la mtu, akaketi kando yake. Mimi nikaambiwa nisimame mbali nisiharibu ushahidi. Ikabidi mke wangu akae pale saa nzima, jua kali, kisanduku kimya kiko viganjani, na watu wanapita. Mwanzoni alikuwa na haya. Kisha akawa na uchovu. Baadaye nikaona anakitazama tu, wala hageuzi uso, na machozi yanashuka bila yeye kuyafuta. Ile saa niliyodaiwa miaka yote, nilimwona mke wangu anaipitia dakika kwa dakika, na hapakuwa na mwanamke ndani yake.

Taa ikapepesa.

Mke wangu akapumua. Akasema kwa sauti ndogo, "Na yule mwanamke niliyemsamehe, Mama Mchungaji? Nilimwombea. Nilihangaika naye miaka, nikamsamehe kabisa kutoka moyoni. Sasa nimfanyeje?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mama Mchungaji akasema: "Sijui." Akakichukua kisanduku chake, akakifuta vumbi kwa kanga, akarudi kwa mama lishe kula wali wetu.

Mama Neema akainuka, akaja mpaka niliposimama. Akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo kwetu Mbozi halifanyiki hata siku ya harusi, na hakuniachia mpaka tulipofika kwenye gari.